Neno Ambalo Daktari Alikataa Kulisema

Docteur Delphine Mbombo alipofungua chumba chake nyuma ya shule, akatundika kibao kwamba vijana wanapokelewa bure, mimi nilikuwa wa kwanza kuuliza: bure ya nani? Nimezaliwa Katuba, nimezeekea Katuba, na ninamkumbuka kila mtu aliyewahi kutuletea kitu cha bure. Ninawakumbuka waliogawa vyandarua wakachukua majina yetu, na majina yaleyale tukayakuta baadaye mikononi mwa watu wa kura. Ninawakumbuka waliowatoa watoto wetu damu, wakasema wanatafuta vumbi la migodi ndani yake, wakaondoka na vichupa vyao. Mpaka leo hakuna aliyerudi kutuambia walikuta nini. Watu husahau. Mimi sisahau, na hiyo ndiyo kazi yangu, ingawa hakuna aliyeniajiri.

Tena huyu hakuwa daktari wa malaria. Alikuwa daktari wa vichwa. Baba yangu alipowaongoza wenzake kugoma kwenye kampuni ya migodi, hawakumfunga. Walimpeleka kwa daktari wa kampuni, na daktari akatangaza kwamba mzee ana ugonjwa wa kichwa. Tangu siku hiyo kila alichosema kikawa maneno ya mgonjwa, hata nyumbani, hata mbele ya mama. Kwa hiyo mtu akija kuniambia anatibu vichwa vya vijana, katika mji ambao vijana wana kila sababu ya kukasirika, mimi ninataka kujua ni nani anayetaka wanyamaze.

Nikaanza kumchunguza. Katuba hakuna siri, mradi ujue kukaa saluni na kujifanya unangoja zamu ya kunyolewa. Nikaambiwa ni Mukasai, mtu wa asili ya Kasai, aliyezaliwa Likasi, baba yake mwalimu. Wakati ule Wakasai walipofukuzwa Katanga, yeye alikuwa mtoto mdogo, akalala chini kituoni pamoja na ndugu zake wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo hawajawahi kuiona. Mimi wakati ule nilisimama hadharani nikasema ni aibu, na kuna watu mpaka leo hawanisalimu kwa ajili hiyo. Lakini yeye alirudi. Alisomea udaktari hapahapa Lubumbashi, akaenda Ulaya kujifunza magonjwa ya akili, akarudi tena. Nani anarudi mara mbili mahali alipofukuzwa?

Alianza katika hospitali moja ambayo sitaitaja, walikomlaza mtoto wa shule chumba kimoja na mwanaume mzima aliyefungwa kamba. Akagombana na wakubwa, akaondoka. Wengine wakasema aliondolewa. Halafu akaenda Mitwaba kuwatazama watoto waliotoka porini mikononi mwa wapiganaji. Hapo nikasimama. Watu wa mjini ninaowajua mimi hawaendi Mitwaba kwa ajili ya watoto, wanaenda kwa ajili ya kilicho chini ya udongo. Kutoka huko, Kasenga, kwa vijana wa wavuvi. Kutoka Kasenga, Katuba. Kila mahali alikaa kidogo, kila mahali aliondoka bila kuagwa. Mtu mwenye njia ya namna hiyo, ama anafukuzwa, ama anatumwa.

Ningeishia kwenye maneno ya saluni na karatasi zangu za kubandika ukutani, kama si Exaucée.

Exaucée ni mtoto wa marehemu dada yangu. Wamebaki wawili, yeye na mdogo wake Bijou, na wanaishi kwa baba yao Paulin, mwuza vipuri vya magari, aliyekwisha kuoa mke mwingine anayeitwa Feza. Feza alizaa mtoto wa kiume. Wakati wa baridi mtoto akashikwa na homa. Feza alikuwa sokoni. Exaucée ndiye aliyekuwa amembeba mgongoni, na huko mgongoni ndiko alikokufa. Baada ya matanga Exaucée hakulala tena. Shuleni akaacha kujibu. Anaitwa, anasimama, anabaki amesimama. Mkuu wa shule akampeleka kwenye chumba cha bure nyuma ya madarasa, bila kuuliza mtu yeyote wa familia.

Nilipopata habari nikaenda. Mlango ulikuwa wazi, na hilo nalo sikulipenda, kwa sababu anayeficha jambo vizuri hafungi mlango. Ndani hapakuwa na meza. Docteur, mwanamke mwembamba mwenye mvi za mapema, alikuwa amekaa kwenye mkeka bega kwa bega na mtoto wa dada yangu, wote wawili wakiutazama ukuta, na kati yao beseni la karanga. Walikuwa wanamenya. Karanga moja inaingia kwenye beseni, nyingine inaingia mdomoni. Hakuna swali lililoulizwa kwa muda wote niliosimama pale.

Bila kugeuka akaniambia, "Karibu, Papa. Kaa na weye, umenye."

Sikukaa. Daktari aliyesomea Ulaya anamenya karanga? Jirani mmoja akaniambia kwamba anazisaga na kuziuza, na watoto wetu wanamfanyia kazi huku wakiitwa wagonjwa. Nililiamini hilo juma zima, nikalieneza pia.

Kumbe hatari ilikuwa kwingine. Feza, kama mama yeyote aliyezika, alikuwa akizunguka akitafuta sababu, na aliyempa sababu ni Pasta Ephraïm, mwenye kanisa la mabati karibu na soko. Pasta akaja nyumbani, akamwita Exaucée, akamwuliza wanachouliza siku zote: je, kuna mtu wa nje aliyekupa kitu cha kula? Mtoto amelelewa asidanganye. Akasema karanga. Nani alikupa? Akasema Docteur.

Aliyezaliwa hapa anajua jibu hilo linamgharimu mtoto kitu gani. Kwetu wanasema uchawi unapitia mdomoni: mtoto anapewa karanga au mkate na mtu asiye wa kwao, na baadaye anadaiwa kurudisha nyama ya ndugu yake. Kwamba mtoto mchanga alikufa kabla Exaucée hajamjua huyo daktari, hakuna aliyejali. Nilimwambia Pasta kwa mdomo wangu kwamba kifo kilitangulia karanga. Akanitazama kwa huruma, akasema giza halifuati kalenda. Nimewasikiliza watu wa serikali maisha yangu yote, na hata wao hawajawahi kunipa jibu lililofunga mlango vizuri namna ile.

Ikaamuliwa kwamba Jumapili, baada ya ibada, Exaucée atapelekwa kwenye chumba cha maombi na kufungiwa humo bila chakula mpaka akiri. Kile chumba ninakijua. Nimewaona watoto waliotoka humo, na ninamkumbuka mmoja ambaye hakutoka.

Nikamfuata Paulin dukani kwake. Paulin si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Amesoma, anasoma magazeti, alimuuguza dada yangu kwa mikono yake. Aliniambia amechoka. Mke wake halali kwenye kitanda kimoja naye, wateja wameanza kunong'ona.

"Shemeji, miye sijuwe tena," akasema. "Kama ule docteur atakuja mwenyewe, aseme mbele ya bantu kwamba mutoto haiko mulozi, nitamuacha. Yee iko docteur. Batamusikiliza."

Neno moja tu, kwamba mtoto si mchawi. Nilitoka pale nikitembea kama kijana.

Docteur alikuwa anafagia maganda. Nikamweleza yote: Pasta, karanga, chumba, Jumapili, na ombi la Paulin. Akaacha ufagio. Kuhusu karanga akaniambia kwamba alipotoka Ulaya alikuwa anawakalisha vijana kwenye kiti, uso kwa uso, kama alivyofundishwa, nao wanainama tu, kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hamkodolei macho mkubwa. Kasenga ndiko alikoona wasichana wakipasua samaki kando ya mama zao, mikono ina kazi, macho yako chini, na mdomo unasema kila kitu. Basi akaichukua njia hiyo. Samaki Katuba ni ghali, akaweka karanga.

"Na hukujua?" nikamwuliza. "Mutoto wa Likasi, hukujua karanga ni nini?"

"Nilijua. Nilisahau. Nimekaa na madaktari muda mrefu mno."

Nikaandika hilo kichwani. Anayesahau jambo la namna ile, ama ni mpumbavu, ama si msahaulifu. Lakini shida ya siku hiyo ilikuwa nyingine, nikamwambia aje Jumamosi nyumbani kwa Paulin aseme lile neno mbele ya watu.

"Sitasema," akajibu.

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia polepole. Akanielewa vizuri tu, na akakataa vizuri tu. Hapo kila nilichokuwa nikikishuku kikajipanga mstari: wanaomlipa hawataki ugomvi na makanisa, anamwogopa Pasta, yeye ni Mukasai, Paulin naye ni Mukasai, wamekwisha kuzungumza kwa lugha yao, na mtoto aliyezaliwa na Mubemba, dada yangu, aende zake. Nikamtupia yote, moja baada ya jingine. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue.

"Papa Mutale, lile neno nilishalisema mara moja," akasema. "Mitwaba. Waliniletea kijana, wakaniuliza mbele ya kijiji kizima, huyu ni mulozi ao hapana? Miye na diplome yangu nikasimama, nikasema hapana, huyu ni mgonjwa wa mambo aliyoyaona. Na wakaniamini. Unasikia? Waliniamini wote. Nikarudi kulala na furaha. Lakini walikuwa na vifo viwili ambavyo havijapata wa kulaumiwa. Kama si yule kijana, basi ni mdogo wake. Wakamfukuza mdogo porini. Tulimtafuta, hatukumpata. Hawakunidharau, Papa. Walinitumia. Nilikuwa nimewasaidia kuchagua."

Aliokota ufagio.

"Nikimsafisha mmoja, nimekubali kwamba kuna wa kusafishwa na kuna wa kuchafuliwa. Nitakuja Jumamosi. Lakini lile neno, usilingoje."

Hadithi nzuri. Ninazijua hadithi nzuri, nimezisema kwenye mikutano tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na ninajua kwamba anayekuomba usadiki amekuandalia mahali pa kulia. Sikulia. Nikarudi moja kwa moja dukani kwa Paulin kumjaribu.

Sikumwambia lolote la Mitwaba. Nilimwuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya betri: tuseme Docteur amekuja, amesema si Exaucée, wote wameamini. Halafu?

Paulin alikuwa anafuta mafuta kwenye pampu ya zamani. Hakufikiri hata kidogo.

"Halafu itakuwa Bijou," akasema. "Mutoto wangu alikufa, shemeji. Hakufa bure. Kwa nyumba yangu kuko bawili tu."

Bijou ana miaka minane. Baba yake alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya posta. Nilitoka nimemkasirikia Paulin, nimemkasirikia Pasta, na zaidi ya wote nimemkasirikia yule mwanamke kwa sababu alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa nimejiandaa kwa uongo.

Jumamosi mchana uani kwa Paulin palijaa. Viti vya plastiki vya kukodi, kama harusi. Pasta Ephraïm alivaa koti, Feza alikaa pembeni mgongo umegeukia watu, na wale watoto wawili waliwekwa kwenye benchi karibu na ukuta, Bijou akichezea kifungo cha gauni, Exaucée akitazama miguu yake. Docteur alikuja kwa miguu, mkono mtupu.

Pasta alikuwa na adabu, na adabu yake ilinitia wasiwasi kuliko makelele yake. Akampa kiti. Akasema tuko na bahati kuwa na msomi kati yetu, na sayansi nayo ni ya Mungu. Halafu akauliza, kwa upole, huku watu wameinua shingo, "Docteur, tuambie tu. Huyu mutoto iko mulozi, ao haiko?"

"Sikuja kujibu ile," Docteur akasema. "Nilikuja kumuona mama wa marehemu."

Ua wote ukanong'ona. Pasta akatabasamu, kwa maana asiyekana amekubali, ndivyo walivyosikia, na ndivyo nami nilivyosikia ingawa nilijua sababu. Docteur akainuka kwenye kiti alichopewa, akaenda akakaa chini kando ya Feza, bega kwa bega, akitazama ulikotazama uso wa Feza, yaani ukutani. Akamwuliza jambo kwa sauti ndogo. Feza akaendelea kuutazama ukuta. Docteur akabaki hivyohivyo. Nikafikiri: huyu anapoteza mtoto wangu mbele ya macho yangu kwa ajili ya mbinu zake.

Basi nikasimama. Na hapa wanaonijua wacheke, kwa sababu mimi nimeandika karatasi nyingi dhidi ya machifu na mila zao kuliko mtu yeyote wa Katuba. Nikasema sisi Wabemba mtoto ni wa tumbo la mama yake, mama akifa ni wa mjomba, na mimi mjomba nimekuja kuchukua watoto wa tumbo letu.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ehe, leo Mutale amekuwa chifu. Tumupikie kuku." Wakacheka, hata Pasta. Paulin hakucheka. Akasema kwao Kasai mtoto ni wa baba, na mahari aliitoa yote, mimi mwenyewe nilikunywa bia yake. Ni kweli, nilikunywa. Nikamwambia basi achague anachotaka zaidi: kuwa baba yao, au kuwaondoa nyumbani mwake.

Akaenda kando na Pasta. Wakasemezana. Akarudi.

"Muchukue Exaucée," akasema. "Leo, sasa hivi. Bijou anabaki kwangu."

Wenzangu, nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hilo. Kama lingesemwa kabla Paulin hajanitajia Bijou ningemshika mkono mtoto na kukimbia naye mpaka barabarani. Exaucée aliinua macho, mara ya kwanza siku hiyo, na akanitazama. Nami nikamtazama Docteur, nikitaka anitikisie kichwa, ndiyo au hapana, ili baadaye niwe na mtu wa kumlaumu. Hakugeuka. Alikuwa bado anatazama ukuta na Feza. Sitamsamehe hilo.

Na huyu mdogo, kifungo mkononi. Jumapili ilikuwa bado ipo.

"Bote ao hakuna," nikasema.

Paulin akasema basi hakuna. Nikaenda nikakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, katikati, hivi kwamba anayeingia anipite juu na anayetoka anipite juu. Nimekaa kwenye milango ya watu wakubwa kuliko Paulin. Kukaa ninakujua. Watu walitukana kidogo, wakachoka, wakaanza kuondoka. Mwenye viti akaja kudai viti vyake. Pasta alihubiri kwa muda, lakini ni vigumu kumhubiria mtu aliyekaa chini akijikuna kifundo cha mguu. Jua likahamia upande wa choo.

Aliyesema ni Feza. Hakusema na mimi. Alisema na ukuta, au na yule aliyekaa kando yake.

"Alikuwa anaitwa Clovis," akasema.

Ndipo nilipojua Docteur alikuwa ameuliza nini. Nilijaribu kukumbuka kama mimi, mwenye kumbukumbu ndefu, nilikuwa nimeuliza jina la yule mtoto wakati wa matanga. Feza aliendelea kusema, kidogo kidogo, homa ilivyoanza, dawa aliyonunua kwa muuzaji wa barabarani, jinsi alivyokwenda sokoni kwa sababu nyumbani hapakuwa na unga. Pasta alitaka kuingilia. Feza akamwambia angoje. Halafu akageuka, akamtazama mume wake.

"Baende bote babili," akasema. "Siwezi kubaangalia. Sisemi beko nini. Siwezi tu kubaangalia."

Haikuwa huruma, msiniandikie huruma mahali ambapo haikuwepo. Paulin akaingia ndani akinipita juu, akatoka na mfuko wa nguo, akauweka karibu na mguu wangu.

Sasa watoto wako kwangu, kwenye chumba changu kimoja. Exaucée bado halali vizuri. Jumatano ninawasindikiza kwa Docteur, ninakaa mlangoni, ninatazama mikono yake. Karanga ameziacha, sasa anawapa nyuzi za kusuka, kitu ambacho hakuna anayeweza kukila. Feza naye amekuja mara moja, siku nyingine, kwa mlango mwingine. Docteur bado sijamwamini, nami nimemwambia hivyo. Alinijibu kwamba anayekaa mlangoni na kushuku anamfaa kuliko wanaomsifu. Jibu hilo nalo nimeliweka.

Jana asubuhi mwenye lupango, yaani ua wenye chumba ninachopanga, alinisimamisha karibu na bomba. Ni mama mzuri, hunipa makaa ya moto wa kupikia. Akashusha sauti.

"Papa Mutale, banasema ulileta batoto babili. Mulozi ni yupi?"

Exaucée alikuwa pale pale anajaza ndoo. Akafunga bomba ili asikie.

Sijawahi kukosa neno maishani mwangu. Nilikuwa nalo mdomoni, fupi, safi, kwamba hakuna hata mmoja, na nikaona mama huyu akilipokea, akilipeleka kwa jirani, na jirani akiuliza nani amepima, na kesho Katuba nzima ikiniletea watoto wao nipime.

"Mukubwa ni Exaucée," nikasema. "Mudogo ni Bijou. Banaishi kwangu."

Mama alingoja nimalizie. Sikumalizia. Exaucée naye alingoja, uso umeelekea ndoo. Kisha akafungua bomba tena.